Neno la Jiwe la Enid

Jumatatu, 4 Machi

Nimeshinda! Kasisi alipita kunywa chai, akasema kuwa "silly", neno ambalo leo maana yake ni mpumbavu, kwa wahenga wetu wa Uingereza lilikuwa mwenye heri, aliyebarikiwa. Likashuka likawa mnyonge, likashuka tena hadi hapa. Nikamwambia nilijua siku zote. Marehemu mke wangu Enid nilimwita hivyo tangu harusi. Hata asubuhi aliyoanguka jikoni, ndilo neno la mwisho alilosikia kwangu. Kumbe nilikuwa nambariki! Litachongwa kwenye jiwe la kaburi lake, chini ya jina.

Jumatano, 6 Machi

Kasisi kakataa. Bila idhini yake hakichongwi kitu uani mwa kanisa. Eti watu hawapiti makaburini na kamusi mkononi. Maneno yakafika dukani kabla yangu. Jioni akaja Mavis, mdogo wake Enid, hata koti la mvua hakuvua. Ati nilimtukana dada yake akiwa hai, sasa namfuata kaburini. Nikamweleza asili ya neno, polepole, kama unavyomweleza kondoo.

"Shemeji," akasema, "maana yako wewe alikuwa anaijua. Alikuwa anakuja kulia kwangu."

Jibu nilikuwa nalo. Ila chai ilikuwa inapoa.

Ijumaa, 8 Machi

Jiwe limesimamishwa, jina tupu. Haya! Kuta za mawe za bonde hili nusu nimejenga mimi. Nani atanifundisha patasi? Nimekwenda asubuhi, mvua inanyesha, kanisani hakuna mtu. Nimechonga nyuma ya jiwe, chini, karibu na majani. Herufi zimetoka safi: SELY.

Jumapili, 10 Machi

Nimekamatwa. Baada ya ibada kasisi akanipeleka nyuma ya jiwe, na Mavis yupo. Nikajiandaa kugomba. Kasisi akainama, akasoma. Kisha akasema nimekosea herufi, na kwa kukosea nimeandika kama walivyoandika wa kale, neno lilipokuwa bado baraka. Hapo hakuna atakayesoma tusi. Libaki.

Nimekosea? Mimi? Nilikusudia!

Kasisi akaenda zake. Mavis akapiga magoti kwenye tope, akapitisha kidole juu ya herufi. Bila kuniangalia akauliza, asubuhi ile jikoni, nilimwita Enid neno hili la jiwe, au lile jingine?

Nikamwambia aache maswali ya kipumbavu.