Kompyuta ya Kidole ya Mama Keh

Jumamosi, 6 Septemba 2008

Mama mkwe, Mama Keh, anastaafu! Ametangaza leo kibandani kwake, soko la vifaa vya umeme, mbele ya wateja wawili, huku anafunga mfuniko wa redio ya mtu. Miaka arobaini na moja ya redio inamtosha, mgongo umechoka. Jumapili ya tarehe 14, sikukuu ya mwezi, tukishakula atasema kibanda namba 27 anamwachia nani.

Nikamuuliza, kwa sauti ya mtu asiyejali, atamchagua vipi huyo mtu. Akasema atampa mwenye mikono.

Nimeitazama yangu. Miwili, mizima. Ila najua anachomaanisha. Mwaka wa tisa huu nauza nyaya na vipanya vya kompyuta mbele ya kibanda chake na sijawahi kushika chuma cha kulehemia. Mpinzani wangu ni mmoja tu: Liao, mwanyumba wangu, mume wa dada mkubwa wa mke wangu Shu-chuan. Karani wa posta. Mpole, ana adabu, hajakosana na mtu maisha yake yote. Simwamini hata kidogo.

Nina mpango. Mzuri mpaka nimeogopa kuuandika. Nauandika.

Mama ana dada yake huko Hualien, ng'ambo ya milima, Mama Mkubwa A-mei. Tangu mwaka jana hasikii kabisa, simu imekuwa haina maana. Wajukuu wamemwekea kompyuta, lakini Mama mkwe hawezi kumwandikia. Kichina kwenye kibodi huandikwa kwa alama za sauti, na hizo hakufundishwa enzi zake. Lakini kwa mkono! Mama akiandika kilebo cha redio iliyopona, wateja hawakibandui miaka na miaka. Basi nitampa kompyuta mpakato, ile ndogo ya inchi saba ambayo mwaka huu mji mzima unaililia, yenye kioo cha kugusa, aandike kwa kidole. Na modemu ya simu iwe ndani kwa ndani, isining'inie pembeni kama mkia. Haiuzwi popote. Lazima itengenezwe. Kwa mikono. Yangu!

Jumapili, 7 Septemba

Nimenunua kompyuta, kioo cha kugusa na modemu. Nimefungua. Skrubu kumi na moja. Nimefunga. Skrubu tisa. Nimefungua tena kutafuta mbili zilizobaki, nikapata tatu. Hesabu ya vitu hivi ina mambo yake.

Kioo chenyewe ni chembamba, kinalala juu ya skrini kama ngozi. Kizuri! Tatizo ni nyaya zake nne, zinazotakiwa kushikizwa kwenye bodi, kwenye vidoa vidogo kuliko ufuta. Nimelehemu saa tatu mfululizo. Nimelehemu kitambaa cha meza. Nimelehemu kijiti cha kulia chakula. Shu-chuan ameuliza kutoka jikoni nani anachoma nywele.

Bodi bado nzima. Nimeacha kwa hiari yangu.

Jumatatu, 8 Septemba

Nimemkuta Liao kituo cha treni, kabeba kitu kirefu kilichofungwa magazeti. Suruali imejaa unga wa mbao. Nimemuuliza kulikoni. Akacheka, akasema, "Ah, kazi ndogo tu, kaka."

Kazi ndogo! Mtu anayesema kazi ndogo anaficha kubwa. Sijala chakula cha jioni vizuri.

Jumanne, 9 Septemba

Nimepanda ghorofa ya nne ya soko kwa Fundi Nieh. Kwa ngazi, nisionekane.

Nieh hana kibanda. Amepanga kona ya meza karibu na lifti ya mizigo, ambako mafundi wenye vibanda vyao na mabango yao humletea kimyakimya kila walichoshindwa. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu, nywele kazifunga kwa waya wa kopa. Nimemweleza ninachotaka na kwamba iwe siri. Akauliza kwa nini siri. Nikasema ni zawadi ya kushtukiza, jambo ambalo ni kweli nusu nzima. Akakubali kwa sharti moja: nikae kitini nitazame mpaka mwisho.

Nimekaa. Na lazima niseme, kwa sababu shajara haisomwi na mtu: sijawahi kuona kitu kama kile. Modemu aliivua ganda lake la plastiki kama mtu anayemenya yai. Akapima nafasi iliyobaki ndani ya kompyuta kwa ukucha wake. Akakata kijipande cha plastiki, akapuliza, akapima tena. Kisha chuma. Kinagusa, kinaondoka, na pale kilipogusa pamebaki kitone kinachong'aa. Hapumui wakati anagusa. Nimejikuta nami sipumui. Kitone cha tano nikakohoa sana.

Jumatano, 10 Septemba

Siku ya furaha na aibu.

Aibu kwanza. Nilikaa muda mrefu, njaa ikaniuma. Juu ya kifaa chake cha umeme palikuwa na kifuko cha kijani cha vitafunio vya nazi. Nikakifungua. Nimekula kama vitano hivi, ndipo nikaona mafundi wote wameweka vyuma chini, wananitazama.

Ndiyo, najua! Kifuko cha kijani kipo pale ili mitambo iwe na tabia njema, hakiliwi, na kikipita tarehe kinabadilishwa. Kila mtoto wa soko hili anajua. Njaa ilinipofusha. Fundi mzee wa meza ya pili akazima kabisa vifaa vyake, akavaa koti, akaenda zake nyumbani. Nieh akanitazama, akasema taratibu, "Kaka Wen-tsai, meza hii haijaharibu bodi ya mtu tangu mwaka juzi." Nimekimbia dukani. Nikapata vya njano tu. Nikakumbuka kwamba njano, rangi ya taa ya onyo, ni mbaya kuliko kuacha patupu. Duka la tatu nikapata cha kijani. Nimekiweka kwa mikono miwili na kuinama.

Sasa furaha. Saa tisa alasiri amewasha. Mtandao umejaa! Nikaandika kwa kidole juu ya kioo, mstari ukatokea chini. Nieh akacheka, akanielekeza nibonyeze pembe nne moja baada ya nyingine, ili kioo kijue kilipo. Nikaandika jina langu. Likatokea palepale chini ya kidole changu, nyuma yake mwanga. Nilitaka kumkumbatia. Nikampa mkono.

Nimemuuliza kitu kimoja. Kila waya aliouweka ameuachia kikunjo kidogo cha ziada, kinalala pembeni. Si kupoteza waya huko? Akasema kuna siku mtu mwingine ataifungua mashine hii. Akitaka kuinua bodi, waya usikatike mkononi mwake.

Nimefikiria jibu hilo mpaka nyumbani. Anamfikiria mtu asiyemjua, wa siku isiyojulikana! Mimi hata majirani siwafikirii.

Alhamisi, 11 Septemba

Usiku wote wazo limenisumbua. Mama akifungua mashine kutazama ndani, ataona nini? Nyaya nyembamba na utepe wa njano. Unyonge mtupu. Zawadi ya mshindi ing'ae!

Shu-chuan alipoenda kazini nimechukua karatasi ya fedha, ile ya alumini ya kufungia samaki, nikatandika ndani ya mfuniko, juu, chini, kila pembe. Imemeremeta kama hekalu siku ya tambiko. Nimefunga skrubu zote kumi na moja, mara ya kwanza!

Nimewasha. Hakuna mtandao. Hata kijistari kimoja.

Nimejua papo hapo ni nini. Ni kile kifuko nilichokula! Nimenunua vitano vya kijani, nimevipanga juu ya kompyuta na pande zake. Nimeomba radhi kwa sauti. Hakuna mtandao. Nimeongeza vitatu. Nimepanda nayo paani. Nimeigeuza kuelekea Hualien. Shu-chuan amerudi, amenikuta paani na vifuko vinane, akauliza, "Wewe baba, umepungukiwa nini hasa?" Nimemwambia mtandao.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimerudi kwa Nieh na vifuko vyangu. Amefungua mfuniko. Akatazama karatasi ya fedha muda mrefu. Halafu akaniuliza, kwa upole kabisa, kama mimi hujifunika sufuria kichwani nikitaka kusikiliza redio.

Eti karatasi hiyo inazuia mawimbi! Na eti ni bahati tu nyumba haijaungua. Ameitoa kipande kwa kipande na kibano, hakunisema zaidi. Mtandao umejaa tena. Mtu mwingine angenicheka hadharani. Yeye amenipa chai. Namheshimu mwanamke huyu kuliko ninavyoweza kuandika.

Wakati anamimina chai nimeona vidole vyake. Vimejaa vikovu vidogo vya moto, vyeupe. Na Mama mkwe anavyo vilevile! Ndiyo muhuri wa kazi yenyewe. Mikono yangu je? Laini kama tofu. Nitakamatwa!

Nimerudi nyumbani, nimewasha chuma, nimekishika kwa mkono wa kushoto, nimegusisha vidole vitatu vya kulia. Nimepiga kelele. Inauma! Inauma kabisa! Ila vinapendeza.

Jumamosi, 13 Septemba

Kimbunga kinakuja. Madirisha yamebandikwa utepe, serikali inasema tusitoke. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo cha bafuni: "Ah, Mama, kazi ndogo tu." Nimeisema mara arobaini.

Shu-chuan amenisikia. Akasema kwa nini nisimwambie Mama ukweli, kwamba wazo ni langu na kazi ni ya Nieh, kwani kuna ubaya gani. Nampenda mke wangu, lakini mbinu za ushindani hazijui.

Jumapili, 14 Septemba

Upepo, mvua inapiga kwa ubavu. Kuchoma nyama barabarani kama kila mwaka hakuna, tumechomea sebuleni kwa Mama, moshi mpaka macho yanalia. Mabalungi, keki za mwezi, watu tisa ndani ya chumba kimoja. Watoto wamevaa maganda ya mabalungi kichwani.

Liao amefungua magazeti yake kwanza. Kigoda! Kigoda cha mbao, mguu mmoja mfupi, kimepakwa rangi kwa haraka. Nilikaribia kucheka. Akasema kile cha kibandani kinamuumiza Mama mgongo, kwa hiyo amejaribu kumtengenezea kingine chenye cha kuegemea, asamehewe kimeyumba. Mama akakikalia. Akayumba. Akasema asante mwanangu, akaendelea kuyumba kwa raha.

Zamu yangu. Nimeiweka kompyuta mbele yake. Nimesema, "Ah, Mama, kazi ndogo tu." Nimemwomba aandike kwa kidole.

Akafuta mafuta ya nyama mkononi. Akaandika polepole, kila mchoro mahali pake: Dada, huku mvua kubwa, paa lako je? Mwandiko ule ule wa vilebo vya redio, sasa uko ndani ya mwanga! Nimebonyeza nikautuma. Tukangoja. Nyama ikaungua, hakuna aliyeigeuza. Kisha jibu likaja kutoka Hualien: Paa zima. Mwaka mzima sijakusikia.

Mama akalia. Miaka tisa sijawahi kumwona akilia. Mimi pia nimelia, nimesingizia moshi.

Halafu akatoa bisibisi mfukoni.

Amefungua mfuniko, akavaa miwani, akainamia ndani. Muda mrefu. Nilimwona anatabasamu peke yake. Akasema vikunjo vya nyaya hivi ni vya Nieh wa ghorofa ya nne, yeye ameshafungua mara nyingi mashine zilizopita kwa Nieh, na kila fundi ana mwandiko wake. Nikasema tulishirikiana. Nikainua vidole vyangu vilivyoungua. Akauliza nalehemu kwa mkono gani. Nikasema wa kulia. Akauliza, "Sasa chuma kikiwa mkono wa kulia, mwanangu, huo wa kulia umeunguzwa na nani?"

Walicheka mpaka maganda ya mabalungi yakaanguka. Shu-chuan alicheka kuliko wote.

Kibanda anampa Nieh. Anasema anayemfikiria mtu atakayefungua mashine baada yake hawezi kuwadhulumu wateja. Liao akapiga makofi. Nikamuuliza kwa ukali kama haumii. Akashangaa. Eti hajawahi kukitaka kibanda, ana posta yake!

Lakini Mama alinishika mkono, ule ulioungua. Akasema Nieh asingejua kamwe kwamba Mama hawezi vibonye ila anaweza kidole. Aliyejua ni mimi. Macho ninayo, mikono itajifunza. Ameshapanga: kuanzia Jumanne nakaa kando ya Nieh mwaka mzima, nafundishwa. Hajawahi kuniambia neno zuri kama hilo.

Jumanne, 16 Septemba

Kimbunga kimepita, soko limefunguliwa. Siku ya kwanza ya maisha yangu mapya. Nimeamka saa kumi na moja, nimenyoa ndevu. Nimeamua kuwa mtu mkweli na mwanafunzi bora.

Nieh amehamia namba 27 na kona yake yote. Amenipa bodi mbovu na waya mmoja, nishikize, nilete jioni. Waya mmoja tu! Nimejaribu mara kumi na nne. Halafu nikafikiri: siku ya kwanza ndiyo mtu anayokumbukwa nayo. Nikateremka chini kwa mzee Kang anayetengeneza mizani, akanishikizia kwa dakika mbili. Safi kabisa. Kesho nitaanza kujifunza kwa dhati.

Nieh ameishika bodi chini ya taa, ameigeuza mara moja. Akasema kazi nzuri. Halafu, bila kuinua kichwa, akaniuliza goti la Kang linaendeleaje.

Nimestaajabu! Amejuaje kwamba Kang anaumwa goti? Mwanamke ana kazi zote hizo na bado anafuatilia afya ya kila mzee wa soko. Moyo gani huo! Nimemjibu kwamba goti lina nafuu. Akasema vizuri, basi kesho nilete nyaya sita.

Nimemwahi Kang kabla hajafunga. Anasema sita anaziweza.