Nilivyomtafuta Bingwa wa Tumbo kwa Njia ya Ukoo

Jumatatu, 3 Machi. Murusagamba.

Tumbo limeniamsha tena. Linawaka moto! Speciosa, mke wangu, anasema niende zahanati. Yeye ni mwalimu, kwake kila jambo lina utaratibu. Hata kadi ya bima ni yake, mimi nimeandikwa humo kama mwenza. Mwenza! Mimi mwenye nyumba!

Nimeshinda kwenye simu nikitafuta daktari bingwa wa tumbo. Wa Bukoba wamesema kadi yetu hawaipokei. Wa Kahama walikuwa wakiipokea, wameacha. Wa tatu aliniuliza kadi ni ya mfuko gani. Nilipomtajia, akakata simu.

Marehemu baba alianza hivi hivi, kwa kushika tumbo na kusema si kitu. Naogopa. Speciosa asijue.

Jumanne, 4 Machi

Neema! Minani wa bodaboda kaleta habari: madaktari bingwa wamepiga kambi Biharamulo mpaka Ijumaa. Wa tumbo yupo, anaitwa Daktari Ntwari, na kadi yetu inapokelewa. Sharti ni moja tu, barua ya rufaa kutoka zahanati.

Hapo ndipo penye mwiba. Zahanati yetu ni ya muuguzi Restuta. Mbuzi wangu walikula maharage yake, nami nikaapa mbele ya watu kwamba ni mbuzi waliovuka kutoka Burundi. Nikamwombe rufaa huyo? Heri nife.

Jirani yangu Bartholomayo, ambaye tumbo lilianza kumuuma aliposikia langu linauma, amekwenda asubuhi na amepewa barua. Amepita nayo mbele ya mlango wangu mara mbili. Asiye na watu hufuata foleni.

Mimi nina watu, au nitakuwa nao. Minani anasema mke wa daktari ni Adelfina, binti wa marehemu Kwandu wa Bugarama. Basi kuanzia leo mimi ni mdogo wake Kwandu. Marehemu hakatai ndugu.

Alhamisi, 6 Machi. Biharamulo.

Aibu. Niandike upesi kabla haijapoa.

Nilifika na Minani, nikiwa na mkungu wa ndizi na koti la harusi. Bartholomayo alikuwa kwenye benchi na barua yake. Nilimpita bila kugeuka. Nikamwambia mpokezi kwamba nisiandikishwe, daktari aambiwe tu baba yake mdogo Adelfina amefika.

Daktari alitoka mbio! Akainama, macho chini, shikamoo databukwe. Nikaitikia marahaba, kwa sauti nzito ya baba mkwe, Bartholomayo asikie. Nilipewa kiti chenye mito. Nililetewa soda, nikanywa. Akampigia mkewe simu amsalimie baba. Nikakohoa sana, nikasema mtandao wa Biharamulo ni mbaya.

Kisha nikamweleza tumbo. Akashika kichwa. Akasema kipimo ni cha kuingiza mpira wenye kamera kupitia kinywani, na kabla yake lazima mgonjwa avue shati, alale, abonyezwe tumbo. Baba mkwe! Huku kwetu mkwe hata kula mbele yake ni shughuli, sembuse kumbonyeza kitovu. Akasema angefanya hivyo, mama yake angemlaani. Kumbe nilijitafutia ukoo wa kunizuia!

Nikamwambia ukweli. Nikasema mimi si ndugu wa Kwandu, sijawahi hata kumwona, mimi ni Frednand wa Murusagamba, tafadhali nibonyeze. Machozi yalimlenga. Akasema ndivyo walivyo wakwe wa heshima, wako tayari kujikana ili mkwe wao asipate haya. Akazidi kuinama.

Akaniandikia jina la mwenzake wa Bukoba. Ni wale wale wa Jumatatu, wasioipokea kadi.

Bartholomayo aliitwa ndani kwa barua yake. Alitoka na dawa. Vidonda vya tumbo, alisema, vidogo, vinapona. Akaniuliza kwa upole kama na mimi nimeshapimwa. Nilikuwa bado kwenye kiti chenye mito.

Jumamosi, 8 Machi. Nyumbani.

Minani hajui kufunga mdomo. Speciosa amesikia yote, hata kukohoa. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Aliniuliza kama nataka awe mjane kwa sababu ya maharage. Usiku nilimwambia habari ya baba. Akanishika mkono, akasema alijua siku nyingi.

Jumatatu, 10 Machi

Speciosa amekwenda kwa Restuta na debe la maharage. Amerudi na rufaa ya hospitali kubwa ya Chato. Kadi inapokelewa. Imechukua muda wa kuchemsha chai. Restuta kanitakia heri na kasema niwafunge mbuzi wa Burundi.

Nitapimwa Alhamisi. Nimemwahidi Speciosa kwamba nitakaa kwenye benchi na barua yangu, kimya, kama watu wote. Nimeapa kabisa, mkono juu.

Daktari wa Chato ni mwanamke, anaitwa Iteka. Nimemtuma Minani aulize mama yake ni wa ukoo gani. Safari hii nitakuwa babu yake, babu na mjukuu hawaoneani haya. Mtu hawezi kwenda hospitali kama yatima.