Kijiko Kimoja cha Makande

Jumatatu, 3 Juni
Baridi kali Gonja. Goti linauma. Naiomba radhi shajara kwa kuanza na manung'uniko.

Jana, baada ya misa, nilimwambia Bi. Honorata, mjane ninayemtazamia ndoa, kwamba nakijua Kiitaliano. Sikijui! Ila binti yake Beatha ni mtawa huko Roma, na ulimi uliniponyoka. Alifurahi, akanialika chakula Jumamosi. Msiba: amemwalika na Paschal, mfuga nyuki, mgane kama mimi, mwenye meno yote.

Jumatano, 5 Juni
Nimefungua kamusi aliyoniachia marehemu padre. Kitenzi kimepatikana: assaggiare. Kuonja, yaani kutwaa kidogo, kutafakari, ndipo kutoa neno. "Assaggio": naonja. Nimefanya mazoezi kwa uji. Paka alitoka nje.

Jumamosi, 8 Juni
Fedheha! Bi. Honorata alitenga makande, sahani imefurika. Nilisimama, nikatamka "Assaggio," nikachota kijiko kimoja, nikafumba macho, nikakiweka chini. Nikangoja sifa.

Bi. Honorata akauliza kama nimeona sumu. Nilieleza kwa unyenyekevu kwamba ndivyo kitenzi kinavyoagiza. Akajibu kwamba nyumbani kwake anayeonja ni mpishi, mgeni hula. Akaiondoa sahani yangu!

"Lete huku, mama," alisema Paschal, "sisi tusiosoma tuna njaa."

Akala yake, akala yangu, akaomba ukoko. Ameombwa arudi Jumatatu kutengeneza banda la mbuzi. Mimi sikuombwa kitu.

Jumapili, 9 Juni
Kanisani Bi. Honorata hakuitikia salamu yangu. Rogathe, mdogo wake, alinishauri niende kesho na kilo ya sukari, niombe radhi kwa Kipare chetu, kisha nile nitakachopewa hadi sahani ing'ae. Ushauri mwema. Nilimshukuru mara mbili.

Lakini radhi kavu haitoshi. Kosa langu lilikuwa kuishia herufi A. Leo nimefika B. Baciare: kubusu. Kamusi yasema huko hutumika hata kwa watu wazima wenye heshima zao, shavuni, hasa wanapopatana.

Nimenyoa ndevu. Saa nne nitapiga hodi. Paschal atakuwa bandani, na aone! Jumamosi nilikosea kutangaza kitenzi kabla ya kukitenda. Kesho nitatenda kwanza.