Afya ya Ngozi ya Samaki wa Boma la Arusha

Mheshimiwa Bwana Mkubwa wa Boma, ambaye hayupo kwa sababu hakualikwa; waheshimiwa majumbe wa Kijenge, Levolosi na Elerai; wachungaji wa Injili na wachungaji wa ng'ombe, kila mmoja kwa heshima ya kundi lake; wazee wa migomba mlioteremka kutoka mlimani mkiwa bado na umande miguuni; baba mkwe wangu Mzee Koikai, shikamoo, uliyeketi mbele kabisa na fimbo magotini; na juu ya wote, mniwie radhi, mke wangu Nashilu, ambaye ndoa yangu naye ni changa hata nikimtazama nasahau nilipoishia. (Makofi. Mtu anakohoa.)

Nilikuwa nimeishia kwenye heshima.

Mimi, Solomoni, Karani Msaidizi wa Boma na Mkuu wa Mpango wa Utambuzi, Uzuiaji na Tiba ya Maradhi ya Ngozi ya Samaki Wafugwao Nyumbani katika Vyombo vya Kioo, nimesimama kutoa ripoti ya utekelezaji, kwa sababu baba mkwe wangu ametamka mbele ya mashahidi kwamba alimwoza binti yake kwa tabibu wa samaki wa serikali, na kwamba leo asipoonyeshwa samaki huyo atarudi Elerai na binti yake. (Minong'ono.) Hilo, ndugu zangu, ndilo linaloitwa uwajibikaji, na Mpango unalipokea kwa mikono miwili.

Nianze na utambuzi. Samaki mwenye maradhi ya ngozi hajikuni kama mbuzi, bali hujisugua kwenye mawe yaliyomo chomboni. Mkiona vitone vyeupe mwilini na mapezini kama aliyenyunyiziwa chumvi, huo ni ugonjwa wa vitone vyeupe. Mkiona utando kama pamba, hiyo ni kuvu. Na mapezi yakichakaa pembeni kama shuka la kapera, huo ni uozo wa mapezi, ambao mara nyingi mkosaji wake ni mwenye nyumba aliyeacha maji yachafuke. (Mke wa jumbe anamtazama jumbe.) Nashilu wangu hana kitone hata kimoja. Nimekagua. (Kicheko. Mzee Koikai hacheki.) Nimekagua uso tu, baba mkwe.

Kuhusu tiba, mgonjwa atengwe katika chombo chake, maji yabadilishwe sehemu na si yote kwa mkupuo, yaongezwe joto polepole, na chumvi kidogo iyeyushwe humo kwa kipimo. Nasisitiza hivyo kwa kuwa Kamati Ndogo ya Wafugaji, chini ya Bwana Simel, ilipendekeza mgonjwa apakwe mafuta ya kondoo, na akikaidi achomwe chuma cha moto begani kama ndama. Kamati ilitumia muda mrefu kulitafuta bega. Mafuta, Bwana Simel, yangetanda juu ya maji na kumnyima samaki pumzi, na chuma cha moto ndani ya maji kingeleta supu, nanyi nyote mnajua jinsi wazee wetu wanavyoiona supu ya samaki. (Wazee wanatema mate kwa pamoja.)

Sasa takwimu. Kati ya samaki wote waliopita mikononi mwangu, hakuna aliyekufa, hakuna aliyelalamika, na asilimia mia moja wako katika hali ileile waliyokuwa nayo kabla ya Mpango. Hakuna boma lingine katika himaya yote ya Wadachi linalothubutu kusema hivyo. Katika awamu ijayo, kila nyumba ya Kijenge itapata chombo cha kioo, na hapa penye kivuli itasimama hospitali yenye wodi ya mapezi na wodi ya magamba, yenye dirisha linalotazama Mlima Meru, ili wagonjwa wafurahi kama ninavyofurahi mimi nikiamka na kumkuta Nashilu akitunga shanga zake, na jua limemkalia begani kama limealikwa. (Wanawake wanapiga vigelegele. Simel anainuka na kuuliza kwa nini, wakati mto Themi unapita hapa nyuma ya boma, karani alikuwa akitembea hadi Elerai na kibuyu kuchota maji kama mwanamke.)

Swali zuri la kitaalamu. Maji ya Themi yana haraka. Ngozi ya samaki inataka maji ya kijito kinachopita chini ya boma la Mzee Koikai, asubuhi, wakati mabinti wapo. (Kicheko kirefu. Mzee Koikai anainua fimbo na watu wananyamaza. "Mkwe," anasema, "tuonyeshe samaki.")

Ngozi safi, taifa safi. Samaki mmoja, kibuyu kimoja. (Fimbo bado iko juu.)

Basi nihitimishe kwa shukrani. Namshukuru Bwana Mkubwa, ambaye hajawahi kuagiza samaki. Nawashukuru mafundi, ambao hawakuunda chombo. Nalishukuru gazeti la misheni lililofungiwa sabuni yangu, ambamo tiba yote niliyowaeleza imeandikwa, nayo ni ya kweli, ila samaki pekee niliyepata kumwona amechorwa kwenye kopo la dagaa. Nakushukuru wewe, baba mkwe, uliyempa binti karani aliyekosa sababu nyingine ya kupita kwako kila siku. Nimemaliza. Mchukue binti yako kama utaona vema, lakini mwulize kwanza.

(Mzee Koikai anamgeukia binti yake na kumwuliza kama alijua. Nashilu anasimama. "Baba, nilijua tangu kibuyu cha kwanza. Alikuwa anakimwaga kule kwenye kona, halafu anarudi kuchota kingine. Nikawa namjazia." Mzee Koikai anashusha fimbo. Kisha anasema kwamba kwa kuwa kijana amezoea njia na mzigo, kuanzia kesho atawanywesha ng'ombe wote wa baba mkwe wake, na binti abaki alipo.)

Waheshimiwa, asanteni kwa kunisikiliza. Mpango umepitishwa.