Séverin na Kinu cha Ghorofa ya Tano

Haya, nyamazeni! Zimeni hizo simu zenu zinazoimba kama inzi ndani ya kopo, enyi wakazi wa Point hapa Durban, nanyi wapakizi wa Clairwood mliovunjika migongo, niwahadithie habari za Séverin mwana wa Gustave, Simba wa Santuri, Mlinzi wa Sindano, atambuaye pumzi ya mwimbaji kabla hajafungua kinywa. Aliyetoka Bukavu na santuri moja ya rumba ya marehemu babake, akaitunza kama mboni ya jicho.

Rumba ile ilikuwa ya dakika tisa, wala haikupata kufika mwisho. Kila Jumamosi, gitaa lilipoanza kunoga, sindano iliruka. Shujaa akapambana: akanunua waya mnene, akabadilisha spika, akaivalisha gramafoni viatu vya mpira, akaulaani umeme wa Durban wote. Wapi!

Ndipo Jumamosi moja Mireille mkewe, fundi wa nguo, akasimama mlangoni akanena: "Ewe mume wangu, meza ni moja, na mimi nashona nimekaa sakafuni. Leo santuri hiyo iimbe mpaka mwisho, ama jioni gramafoni iende sokoni na meza iwe ya cherehani. Nimesema."

Eish! Moyo wa Simba ukatetemeka. Akaegemea ukuta apate pumzi, na ukuta ukamjibu mgongoni: du, du, du. Kumbe adui hakuwa umeme! Alikuwa Mama Agathe wa ghorofa ya juu, atwangaye sombe, yaani kisamvu, kila Jumamosi kwa mchi mzito.

Shujaa akakwea ngazi, godoro la ndoa mabegani, kwani lifti ilikwisha kufa zamani.

"Mama mheshimiwa," akanguruma, "weka mchi chini, dakika tisa tu!"

"Papa, kwaya nzima ya kanisa iko njiani kutoka Mobeni kuja kula," akajibu malkia wa kinu, jasho likimtiririka. "Sombe ya mashine na waile wasio na mama. Mchi hausimami!"

"Basi twanga juu ya godoro!"

Kinu kikapanda godoroni, kikayumba kama mlevi. Séverin hakuwa na njia nyingine: akapiga magoti, akakikumbatia kwa mikono miwili, akapaza sauti dirishani, "Mireille! Weka sindano!"

Dakika tisa, ndugu zangu! Mchi ulishuka mbele ya pua yake, majani yakamrukia ndevuni, naye hakuachia. Hakusikia hata uzi mmoja wa gitaa. Alimsikia Mama Agathe tu, akimwambia ashike vizuri. Sindano je? Imeruka? Haikuruka?

Sauti ya Mireille ikapanda kutoka dirisha la chini, laini kuliko siku ya harusi.

"Séverin wee! Imefika mwisho! Kumbe ni tamu hivi?"

Machozi yakamtoka shujaa. Akataka kuinuka.

"Usiachie!" akaamuru Mireille. "Nimegeuza santuri upande wa pili."

Iandikwe basi, wajukuu wasije wakabisha: Jumamosi ile gramafoni ilibaki mezani, na Séverin, bingwa wa sauti safi, akakumbatia kinu dakika nyingine tisa.