Shemeji, Linux Yako Imezikataa Moduli Zangu

Kwa Shemeji Sylvance,
Buruburu.

Shemeji mpendwa,

Natumaini wewe na dada yangu Celine mko salama. Mimi si salama. Ninakuandikia kwa karatasi kwa sababu nikikupigia simu unacheka.

Unajua hoteli yangu hapa Makadara hutegemea mawakili wa kortini, na oda zao huingia kupitia ile programu ya kupokea oda kwenye kompyuta. Kompyuta ya Windows ilipozeeka, ukaniletea nyingine yenye mfumo wa Linux badala ya Windows, ukaisifu sana. Tangu Jumatatu haijaingia oda hata moja. Mawakili wangu sasa wanakula pilau kwa Jawahir, ng'ambo ya barabara, na ninawaona kwa dirisha. Inaniuma, shemeji. Basi haya ndiyo malalamiko yangu:

1. Nilihamisha programu nzima. Sikuacha kitu, hata ile folda ya moduli, vile vipande vidogo ambavyo programu haifanyi kazi bila hivyo. Kwetu mtu hahami akaacha sufuria. Linux inasema moduli haipo. Ipo! Nimefungua folda, nimeiona kwa macho yangu mawili.

2. Eti iliyopo ni ya Windows, inayotakiwa ni ya Linux. Huu ni ubaguzi. Huku mitaani kwetu Eastlands sote tumetoka kwingine, na sijasikia mtu akinyimwa chumba kwa sababu hiyo.

3. Wakili Muturi, mpenzi wa madondo, yaani maharagwe yangu, yuko tayari kula kiapo kwamba moduli ipo. Malipo yake ni chapati, na chapati hazitoki mpaka oda iingie, kwa hivyo kesi imesimama.

4. Ujumbe wako wa "Shem, futa hiyo folda ya moduli, alafu install upya hapo hapo, itajitafutia zake" ni matusi. Nitupe mzigo niliobeba mwenyewe? Celine naye ameniuliza kama nilipoolewa nilibeba mafiga ya mama. Sikubeba, lakini hayo hayahusiani.

5. Kwa hivyo nadai Linux iondoke kufikia Ijumaa. La sivyo, wazee wetu watawarudishia ng'ombe wenu, na Celine arudi nyumbani. Godoro lake nimeshalianika. Ng'ombe wenyewe tulikula zamani, lakini hatushindwi kutafuta wengine.

Wasalimie watoto, majirani wote, na mama mkwe wako ukimwona kabla yangu. Mwambie mwanawe anateswa na mashine.

Ni mimi shemeji yako, mwenye haki asiye na wateja,
Norah

N.B. Nimeifuta folda. Nilitaka tu ushahidi kwamba umekosea. Nika-install upya, moduli zikaja zenyewe, programu ikaamka. Oda ya kwanza imetoka kwako: samaki na ugali, na chini umeandika kwamba umekuwa ukijaribu kuituma kila mchana tangu Jumatatu. Celine abaki kwenu. Wewe njoo ule, samaki nimekuchagulia mkubwa. Barua hii utaikuta chini ya sahani.