Futi Elfu na Jaketi Jipya

Hakuna mtu aliyewahi kufa maji pasipo maji, mbele ya choo cha ndege, ndege yenyewe ikiwa bado imeegeshwa. Futi Elfu nusura awe wa kwanza!

Jina hilo alibandikwa na ndugu wa mchumba wake, maana hakuwa na maneno yasiyoanza na "tukiwa juu, futi elfu thelathini…" Ukimwambia mvua inanyesha, atakujibu kwamba yeye mvua huitazama utosini. Mhudumu wa ndege wa miaka miwili tu huyo, lakini ukimsikiliza utadhani mabawa aliyafunga yeye kwa mkono wake.

Wote aliwaweza, isipokuwa mama wa mchumba. Mama huyo alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na watu wenye sababu nzuri za kuchelewa alikuwa amewasikiliza miaka thelathini na tano.

"Kwa hiyo wewe ni mgawa soda," alimwambia siku ya posa.

"Soda ni ziada tu, mama! Kazi yangu hasa ni kuokoa roho za watu."

"Umeshaokoa ngapi?"

Futi Elfu akakohoa. "Zote nilizopanda nazo ziko hai mpaka leo."

"Basi nitapanda nijionee. Jibu nitakupa baada ya hapo."

Siku tatu Futi Elfu hakulala vizuri. Alimpenda binti kweli, hilo hakulitia chumvi.

Siku ya safari mama alikaa kiti cha mbele kabisa, akavaa miwani, akachukua ile kadi ya maelekezo ya usalama ambayo abiria wengine hujipepea nayo tu. Akaisoma yote, kidole kikifuata mstari kwa mstari.

Futi Elfu akaona hapa ndipo pa kujionyesha. Atawaonyesha abiria namna ya kuvaa jaketi la kujiokolea, mama ashuhudie! Lakini jaketi la maonyesho lilikuwa limepauka, tena kola yake ina madoa ya vipodozi vya wahudumu waliotangulia. Avae tambara lile mbele ya mkwe? Thubutu! Akachomoa jaketi jipya lililokuwa chini ya kiti chake mwenyewe, linang'aa kama chungwa.

Alichosahau ni kimoja. Jaketi la maonyesho halina gesi. Ndiyo maana kwa miaka miwili alikuwa akiivuta ile kamba nyekundu kwa mbwembwe zote, na lisitokee lolote.

Kiongozi wa wahudumu akaanza kusoma kwenye kipaza sauti, amejificha nyuma ya pazia. Futi Elfu akasimama mbele ya choo, akavaa, akakaza mkanda mpaka kiuno kikawa cha nyigu, akamtupia mama jicho, akavuta.

PUUUH!

Jaketi likavimba likambana shingo, mashavu yakapanda juu, kidevu kikaelekea darini.

"Zingatia," sauti ya nyuma ya pazia iliendelea kwa utulivu, "usilijaze jaketi ukiwa bado ndani ya ndege."

Abiria walicheka mpaka viti vikatikisika. Mwenzake mmoja akahangaika na mkanda, wapi! Mwingine akaita, "Nani ana mkasi?" Mkasi! Futi Elfu mwenyewe ndiye aliyewaambia abiria mlangoni kwamba mikasi hairuhusiwi.

Mama akainuka. "Piga magoti, mwanangu."

Futi Elfu akapiga. Mama akakamata kimrija kilicho begani, akabonyeza ncha kwa kidole. Psssss! Jaketi likanywea, na mwenye jaketi akanywea nalo.

"Iko hapa, picha ya sita," mama alisema akimwonyesha kadi. "Hukuisoma?"

"Nilii… niliipitia, mama."

Kiongozi akatoka nyuma ya pazia, akamtazama, akarudi kwenye kipaza sauti. "Abiria wapendwa, tunaomba radhi. Hatutaondoka mpaka mhudumu wetu aletewe jaketi lingine."

Ndege nzima ikaguna. Futi Elfu, nywele timutimu na tai imehamia mgongoni, alibaki palepale amepiga magoti. Aliona posa imekwisha.

"Mama," alinong'ona, "na lile jibu…?"

Mama akavua miwani, akaifuta taratibu.

"Binti nakupa," alisema. "Yeye anajua kuogelea. Peke yako siwezi kukuacha."